Kuondoa sumu mwilini: ini na figo zinahitaji dawa, au tuziache zifanye kazi yake?

#1 Mkazi wa Mbagala

Wakuu, salaam.

Naweka dai mapema ili mnipinge vizuri: mtu ambaye ini lake na figo zake ni nzima hana haja ya kununua kitu chochote cha "kusafisha mwili". Kazi yake ni kutoziharibu tu.

Nasema hivi kwa sababu mtaani kwetu wamekuja watu na mashine ya kutoa sumu kupitia miguuni. Beseni la maji ya uvuguvugu, chumvi kijiko, katikati kimezamishwa kidude chenye nyaya. Mama mkwe wangu kaweka miguu. Baada ya muda maji yakawa rangi ya chai, kisha rangi ya kutu, juu kuna povu la kahawia. Jamaa anaonyesha kwa kalamu: hii nyeusi imetoka kwenye ini, hii ya njano kwenye figo, hili povu ni mafuta ya kwenye damu. Watu wakapiga makofi. Mama katoa elfu ishirini, na sasa anaambiwa anunue sharubati ya mwezi mzima ya "kumalizia mabaki".

Naomba kujua: hizo sumu zina majina? Na kama mwili unajisafisha wenyewe, ni tabia gani za kila siku zinazousaidia kweli?

#2 Fundi Nyaya

Hiyo mashine naijua, nimewahi kufungua moja iliyoletwa kutengenezwa. Ndani ni transfoma, na kile kidude cha majini ni vipande vya chuma. Umeme kama wa betri ukipita kwenye chuma kilichomo kwenye maji ya chumvi, chuma kinalika na kutu inabaki majini. Chumvi ikizidi, rangi inakolea. Povu ni gesi inayotoka kwenye vyuma ikichanganyika na sabuni na mafuta ya ngozi.

Waambie wawashe beseni lina maji na chumvi peke yake, bila mguu wa mtu. Utaona ini la beseni.

#3 Tabibu wa Same

Mashine siitetei. Lakini mleta uzi usichanganye matapeli na tiba za wazee.

Sisi tuliokulia kijijini, shule zikifungwa bibi alitupanga mstari, kijiko cha mafuta ya nyonyo kila mtoto. Wenzetu wa Pwani walipewa sanamaki. Leo mtu anakula chipsi usiku, asubuhi soda, nyanya imepuliziwa dawa jana, halafu mnasema mwili utajisafisha wenyewe. Utajisafisha na nini?

Mimi natengeneza mchanganyiko wa shubiri, mwarobaini, mlonge na tangawizi. Wateja wanarudi kwa miguu yao, tumbo limeshuka na uso umeng'aa.

#4 Nesi wa Zamu

Mleta uzi, sumu zina majina, na ndiyo njia rahisi ya kumjua mwongo. Mwambie akutajie.

Protini ikivunjwa mwilini inatoka amonia, ambayo ni hatari kwa ubongo. Ini linaigeuza kuwa urea, urea inakwenda kwenye figo, unaikojoa. Misuli ikifanya kazi inatoa kreatinini, nayo ni ya figo. Chembe nyekundu za damu zikizeeka na kuvunjwa inatoka bilirubini ya njano, ini linaiweka kwenye nyongo, nyongo inashuka utumboni, na ndiyo asili ya rangi ya kahawia ya choo kikubwa. Ikikwama, macho yanakuwa manjano. Kaboni dayoksaidi unaitoa kwa mapafu kila unapopumua. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu kubwa sana. Kazi yake ni kukupoza.

Figo za mtu mzima mwenye afya zinachuja takriban lita 180 kwa siku. Karibu zote zinarudishwa kwenye damu, mkojo unabaki lita moja hadi mbili. Hakuna sharubati inayofanya kazi hiyo.

Vinavyoziua figo navijua kwa sababu nawahudumia wenye figo zilizokufa: presha na kisukari, mara nyingi vya mtu ambaye hakuwahi kupima. Halafu dawa za maumivu zinazomezwa kila siku, diklofenaki na ibuprofeni. Kwa hiyo tabia ya kwanza ni kupima presha. Ya pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate, dagaa na supu.

Tabibu wa Same, kuharisha si kusafishwa. Aliyeharisha amepoteza maji na chumvi za mwili. Tumbo limeshuka kwa sababu limekuwa tupu.

#5 Dereva wa Tunduma

Nesi umenigusa. Sisi wa malori mgongo ni diklofenaki asubuhi na jioni, kinywaji cha kuongeza nguvu ndiyo maji yetu, na haja ndogo unaibana mpaka mzani unaofuata. Mkojo wangu mara nyingi ni rangi ya mafuta ya kula.

Maji ninywe kiasi gani? Kila mtu ana hesabu yake.

#6 Kibuyu

Lita tatu, dereva, bila mjadala. Mimi lita moja nainywa kabla sijapiga mswaki, inasukuma uchafu wote wa usiku utumboni. Mkojo ukiwa mweupe kama maji ya bomba, ujue uko safi.

#7 Mwalimu wa Baiolojia

Kibuyu, maji unayokunywa hayapiti moja kwa moja kama mtaro. Mengi yananyonywa na utumbo mwembamba, yanaingia kwenye damu, na ya ziada figo zinayatoa. Hayafiki kusukuma kitu huko chini.

Hesabu ya glasi nane watu wengi wanaihusisha na pendekezo la Marekani la mwaka 1945, lililotaja lita mbili na nusu kwa siku. Pendekezo hilohilo lilisema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo kwenye chakula. Sentensi hiyo ikasahaulika, ikabaki namba. Uji, mchuzi, machungwa na chai yote ni maji.

Mkojo wa njano hafifu unatosha. Ukilazimisha mweupe kabisa kutwa nzima huongezi usafi wowote. Na mtu akinywa maji mengi sana kwa muda mfupi, sodiamu ya damu inashuka na ubongo unavimba. Watu wamekufa hivyo kwenye mbio ndefu.

#8 Mkaazi wa Muscat

Mwalimu, hayo ya "chakula kina maji" yafaa kwa mtu aliye kivulini. Huku kwetu kiangazi joto linapita nyuzi 40, na ukingoja kiu umechelewa. Mimi nimeshapitisha jiwe la figo, na maumivu yale simuombei mtu. Nilivyoambiwa na daktari ni kunywa maji mpaka mkojo upauke, tena kabla ya kulala pia, na kukamulia ndimu.

Kuhusu ndimu niliuliza sana, maana nilidhani ni maneno ya mtandaoni. Ina sitrati, na sitrati inazuia kalsiamu isishikane ikawa jiwe. Kwa hiyo maji mengi kwa mtu kama mie ndiyo tiba yenyewe.

#9 Dereva wa Tunduma

Sasa hapo mmeniacha njia panda. Mmoja kunywa kwa kiasi, mwingine kunywa usingoje kiu. Kwenye lori kuna joto la Muscat na choo hakuna.

#10 Nesi wa Zamu

Dereva, wewe uko upande wa Muscat. Huko El Salvador na Nikaragua wakata miwa wengi, vijana wasio na presha wala kisukari, wamepata ugonjwa sugu wa figo. Wapo wanaosema chanzo ni joto na kukaukiwa maji wakifanya kazi ngumu, wapo wanaotaja viuatilifu, na dawa za maumivu nazo zimo kwenye mjadala. Haijaisha. Wewe una joto, kiu na diklofenaki kwa pamoja. Anza kwa kuacha hiyo diklofenaki ya kila siku, mgongo ukaonwe na daktari.

#11 Mama Nasra

Assalam alaykum. Mie naomba niseme la birimbi, maana huku kwetu Pemba watu wanasikia "inakata mafuta, inashusha presha" basi wanasaga.

Jamaa yangu alikuwa akizichuma mbichi, anazisaga kwenye blenda na maji kidogo, anachuja kwa kitambaa, anakunywa glasi nzima tumbo tupu. Ile juisi ilivyo kali, hata sufuria ya bati ukiimwagia inang'aa. Mara akaanza kutapika, kiuno kinauma, mkojo ukawa haba kisha ukakata. Hospitali wakasema figo. Alisafishwa damu kwa mashine, na kwa uwezo wa Mungu zilirudi. Daktari alipouliza "umekunywa nini" hakuna aliyefikiria birimbi, tuliona ni tunda tu.

#12 Kijana wa Maabara

Pole Mama Nasra, na ahsante kwa kuiweka hapa. Hilo limeandikwa kitaalamu. Kule Kerala, India, ilichapishwa mwaka 2013 taarifa ya wagonjwa kumi ambao figo zao ziligoma ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi. Kuna asidi iitwayo oksaliki, inakutana na kalsiamu na kuwa fuwele, fuwele zinajaa kwenye vijifereji vya figo. Binamu yake birimbi, lile tunda linalokuwa na umbo la nyota ukilikata, kwa mwenye figo dhaifu ni hatari zaidi: lina na sumu nyingine inayoleta kwikwi zisizokoma, kuchanganyikiwa na degedege.

Oksaliki iko pia kwenye mchicha na spinachi. Mchicha uliochemshwa maji yakamwagwa hauna shida kwa mtu wa kawaida. Tatizo ni hizi "juisi za kijani za kuondoa sumu", mtu anasaga fungu zima la spinachi mbichi kila asubuhi. Nazo zimeshawahi kuua figo za watu.

#13 Tabibu wa Same

Birimbi zimeliwa Pwani tangu zama za mababu, leo ndiyo zimekuwa sumu? Mnawatia watu hofu ya kila kitu kinachoota.

#14 Mama Nasra

Baba Tabibu, zimeliwa mchuzini. Kwenye chungu cha samaki unatia mbili tatu, wanakula watu wanane. Au achari, kijiko pembeni ya wali. Hakuna bibi aliyewahi kutupa glasi ya birimbi mbichi tunywe. Hilo la blenda ni jipya, usiwasingizie mababu.

#15 Muganda wa Pwani

Niko Kampala, nimeupenda huu uzi. Mnazungumza figo na ini, mmesahau utumbo mpana, na habari zake nyingi zimetokea hapa.

Hospitali ya Mulago alikuwepo daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, yule ambaye saratani ya taya ya watoto aliyoieleza mwaka 1958 imepewa jina lake. Aliona magonjwa yaliyojaa hospitali za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana na bawasiri, ni nadra kwa wanakijiji wa huku. Baadaye yeye na wenzake wakapima kinyesi. Ndiyo, walipima kwa mizani, na muda ambao chakula kinapita tangu kinywani hadi chooni. Matokeo waliyatoa mwaka 1972: mwanakijiji wa Uganda alikuwa akitoa mzigo mzito mara kadhaa kuliko Mwingereza, na chakula hakikukaa tumboni muda mrefu. Maelezo yake yalikuwa nyuzinyuzi: maharage, viazi vitamu, matoke, nafaka isiyokobolewa.

Kwa hiyo kama kuna kitu cha kusafisha utumbo, ni maharage. Kibuyu akiongeza na maji yake, kamaliza.

#16 Mzee Kifimbo

Tunakula mchana huu jamani, mnatupimia kinyesi.

#17 Mwalimu wa Baiolojia

Muganda, sahihisho dogo: wazo la nyuzinyuzi si la Burkitt peke yake. Hugh Trowell alitangulia, alifanya kazi Kenya tangu 1929 kisha Mulago, na ndiye aliyekuwa akiorodhesha magonjwa ambayo hakuyaona kwa wenyeji. Burkitt alikuwa msemaji mzuri, akalitangaza dunia nzima.

Na ubishi upo hadi leo. Wanakijiji wale walikuwa wembamba, wakitembea na kulima kutwa, nyama haba, sigara haba. Utajuaje ni nyuzinyuzi na si jembe? Hata hivyo gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku ndizo zinazopendekezwa kwa mtu mzima, na ukila sembe nyeupe na nyama choma kila siku huzifikii hata kwa maombi.

#18 Kibuyu

Jibu ni rahisi, tule dona. Sembe ni wanga mtupu, pumba zote wamepewa kuku.

#19 Bwana Shamba Kongwa

Ngoja kwanza kwenye dona, nimesubiri kuona nani atafika hapo.

Mnatafuta sumu za ini kwenye beseni wakati iko ghalani. Inaitwa sumukuvu. Ni kuvu wa mahindi na karanga ndio wanaoitengeneza, haina rangi, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 Kenya, Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na 125 wakafariki kwa kula mahindi. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, watu wakageuka macho manjano, tumbo likajaa maji, na familia nyingine zilizika. Hiyo ni dozi kubwa. Dozi ndogo ya miaka mingi ndiyo inayochangia saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini B.

Sasa sumukuvu inakaa zaidi kwenye ganda la nje na kiini cha punje. Ukikoboa, unaondoa sehemu kubwa. Ukisaga dona, unaila yote. Kwa hiyo dona ya mahindi usiyoyajua yalikaushwa wapi naiogopa kuliko sembe.

Kwa wenye mahindi yao: yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo. Kabla ya kuhifadhi, chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Yaliyooza, yaliyovunjika na yenye ukungu usiyachanganye "ili yasipotee". Na hayo mabaya kuku na ng'ombe nao wasipewe, maana sumu inarudi kwenye maziwa.

#20 Mpishi wa Gerezani

Haya, maji mengi yana shida, birimbi shida, spinachi shida, dona shida. Tubaki na hewa?

#21 Muganda wa Pwani

Mpishi, nyuzinyuzi haziko kwenye dona tu. Maharage, kunde, choroko, mihogo, viazi vitamu na maganda yake, mapera, matembele. Ulezi na mtama pia, ingawa navyo vinataka kukaushwa vizuri.

Bwana Shamba nakupa heko kwa ile chupa, lakini kuwaambia watu warudi sembe nyeupe kila siku si jibu. Unamkinga ini, unamuachia kisukari na choo kigumu.

#22 Bwana Shamba Kongwa

Sijasema sembe ni afya. Nimesema jua mahindi yako.

#23 Mkazi wa Mbagala

Wakuu, nimefanya ya Fundi Nyaya. Jamaa walirudi kumuuzia mama sharubati, nikawaomba mbele ya watu wawashe beseni bila miguu. Walikataa kwanza, majirani wakasisitiza. Maji yakageuka rangi ileile. Mwenye mashine akajibu kwamba chumba chetu kina sumu hewani na maji yamezivuta. Wapo walioridhika na jibu hilo, mama mkwe mmojawapo.

Ila lile la Nesi nimelishika. Nimempeleka kupima presha, na ilikuwa juu sana. Ameanza dawa.

#24 Nesi wa Zamu

Umefanya jambo kubwa kuliko unavyodhani. Asiziache dawa akijisikia nafuu. Chumvi ya mezani iondolewe mezani kabisa, isiwe ya kuombwa.

#25 Binti Mkunazini

Turudi kidogo kwenye choo. Mimi naamini tulivyoanza kujenga vyoo vya kukaa ndipo choo kigumu kilipoanza. Cha kuchuchumaa kinafungua njia.

#26 Mwalimu wa Baiolojia

Hapo kuna ukweli wa kimaumbile. Kuna msuli unaozunguka mwisho wa utumbo na kuupinda, ndio unaotuzuia tusichafuke tukisimama. Ukichuchumaa magoti yakipanda, msuli unalegea na njia inanyooka. Mwenye choo cha kukaa anaweza kuweka kigoda kifupi chini ya miguu. Lakini wazee wenye magoti mabovu msiwarudishe kwenye kuchuchumaa kwa nguvu.

Na kuna jambo dogo linapuuzwa: utumbo mpana unaamka ukila, hasa asubuhi. Mtu akishapata chai anasikia haja, anaibana kwa sababu daladala inaondoka, kesho tena, mwisho utumbo unaacha kumkumbusha. Amka mapema kidogo, kunywa chai, nenda chooni bila simu.

#27 Mzee Kifimbo

Bila simu ndiyo sharti gumu kuliko yote humu.

#28 Ustadhi wa Tanga

Wengi mnasahau hijama. Kupiga chuku ni sunna na wazee wa Pwani waliijua. Ukiona damu inavyotoka nyeusi, nzito kama maini, huwezi kuniambia ile ni safi. Na saumu ndiyo usafi mkubwa kabisa. Mjapani alipewa tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba mwili ukifunga unakula taka zake.

#29 Kijana wa Maabara

Ustadhi, nakuheshimu, na anayefanya kwa niya ya ibada simwingilii. Nazungumzia damu tu, maana ndiyo kazi yangu. Damu ya kwenye mishipa midogo ya ngozi imeshaacha oksijeni, kwa hiyo ni nyeusi. Ikikaa kwenye kikombe inaganda, inakuwa kama maini. Ya kwangu, ya kwako, ya mtoto mchanga, zote zitakuwa hivyo. Jambo moja lisilo na mjadala ni wembe: uwe mpya kwa kila mtu, kikombe pia. Homa ya ini B inapita kwenye tone dogo sana la damu. Utakuwa umekwenda kusafishwa, ukarudi na ugonjwa wa ini.

Kuhusu Nobel, ni Yoshinori Ohsumi, mwaka 2016. Alichunguza jinsi seli inavyovunja na kutumia tena vipande vyake vilivyochakaa, na kazi yake kubwa aliifanya kwenye hamira. Hamira ya mkate. Kwamba funga ya saa kadhaa inamfanyia binadamu vivyo hivyo kwa kiwango cha kumponya, tuzo ile haikusema hilo.

#30 Ustadhi wa Tanga

Lakini hamira ilinyimwa chakula ndipo ikajila, sivyo? Basi mlango uko wazi.

#31 Kijana wa Maabara

Ni kweli iliachishwa chakula. Mlango uko wazi, ila futari ya kachori na vitumbua inaufunga jioni hiyohiyo.

#32 Mwanafunzi wa Mabibo

Na usingizi je? Nimesoma kwamba ubongo unaoshwa usiku tukilala.

#33 Mwalimu wa Baiolojia

Hiyo ni kazi ya Maiken Nedergaard na wenzake. Mwaka 2012 walieleza njia ambazo majimaji yanapita kando ya mishipa ya damu ya ubongo yakibeba taka, na 2013 wakaripoti kwamba panya wakilala zinasafisha zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa London nao walipima panya wakapata kinyume, kwamba usafishaji ulipungua panya wakilala. Wanabishana namna ya kupima. Wewe lala saa saba au nane bila kungoja wamalize, kwa sababu kukosa usingizi kunapandisha presha, na presha tumeshaona inaua figo.

#34 Mkunga Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimeona hakuna aliyetaja ile ya mafuta ya zeituni, ndimu na chumvi ya haluli. Wanakunywa usiku, asubuhi wanaharisha vijiwe vya kijani, wanapiga picha, wanasema mawe ya nyongo yametoka.

Mwaka 2005 madaktari waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu mwanamke aliyewapelekea vijiwe hivyo. Walipovipasha joto la nyuzi 40 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Ilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta na maji ya ndimu aliyokunywa. Mawe yake halisi yalikuwa bado yamo, yakatolewa kwa upasuaji.

Na mjamzito asiguse shubiri, haluli wala nyonyo bila kusema kwa mkunga. Nimeona tumbo la miezi saba likichafuka kwa "kusafishwa".

#35 Tabibu wa Same

Nimewasikia wote. Shubiri ni dawa, msiitukane. Mzungu mwenyewe anaiuza kwenye vidonge.

#36 Kijana wa Maabara

Aliiuza. Mwaka 2002 Marekani waliziondoa dawa za kuharisha zenye shubiri kwenye zile zinazouzwa bila cheti, kwa sababu waliozitengeneza hawakuleta ushahidi wa usalama. Ule utomvu wa njano chini ya ganda ndio unaoharisha. Nyama nyeupe ya ndani ni jambo jingine.

Si kwamba mimea haifanyi kazi, Tabibu. Inafanya, na ndiyo maana naogopa kipimo cha kukisia. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene iliwapa wanawake mchanganyiko wa mitishamba, mmea mmoja ukawekewa kimakosa badala yake mwingine wenye sumu, wa jamii ya Aristolochia. Zaidi ya mia moja waliharibika figo. Wewe mchanganyiko wako unaupima gramu ngapi?

#37 Tabibu wa Same

Napima kwa konzi, na konzi yangu haijamdhuru mtu. Ila hilo la kuwauliza wateja kama wana presha, kisukari au mimba nitaliongeza. Halina gharama.

#38 Dereva wa Tunduma

Nesi, nikifika hospitali niombe kipimo gani? Nisije nikaambiwa "mwili mzima" nikalipia vya bure.

#39 Nesi wa Zamu

Presha, sukari, kreatinini kwenye damu, na protini kwenye mkojo. Hicho cha mkojo ni kijiti tu, bei yake ndogo, na mara nyingi protini inaonekana mapema kuliko kreatinini kupanda. Figo haziumi zikifa, dereva. Mtu anakuja amevimba uso na miguu, tayari anahitaji mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, lakini unahitaji ndugu wa kukupa.

Ongeza kipimo cha homa ya ini B. Ukiwa huna, chanja. Watoto wetu wanaipata kwenye chanjo za kawaida, sisi wakubwa wengi hatukuipata.

#40 Binti Mkunazini

Na madafu? Kwetu mtu akiumwa figo ndiyo kitu cha kwanza kupelekewa, kwamba yanaosha.

#41 Nesi wa Zamu

Kwa mzima, kunywa na ufurahi. Kwa mgonjwa ambaye figo zimeshashindwa, dafu lina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Ndizi na juisi ya machungwa vivyo hivyo. Muulize daktari wake kwanza.

#42 Mkaazi wa Muscat

Lakini Nesi, mimi mwenye mawe nimeambiwa dafu zuri. Daktari wangu na wako wasemeane?

#43 Mama Nasra

Wewe una mawe, mwenzio figo imekufa, si ugonjwa mmoja huo. Ila na mie nina swali hapohapo: jamaa yangu figo zilisharudi, anaulizia madafu anywe au asinywe? Kliniki yake ni mwezi ujao.

#44 Kijana wa Maabara

Kabla ya kliniki apimwe potasiamu na kreatinini upya, jibu litatoka hapo. Na ule mbirimbi bado upo uani kwake?

#45 Mama Nasra

Upo, na umezaa. Tunatia achari.